Maswali ya Wasomaji: Coober Pedy, mji wa opali uliojichimbia ardhini

Mwezi uliopita tulichapisha picha iliyopigwa kutoka angani: jangwa la rangi ya waridi iliyofifia, limejaa vilima vyeupe vyenye ncha, maelfu kwa maelfu, na karibu na kila kilima kuna shimo jeusi. Maelezo yake yalikuwa mafupi mno: "Coober Pedy, Australia Kusini." Barua zilizofuata zimeonyesha wazi kwamba wasomaji walitaka zaidi ya hapo, na walikuwa na haki. Haya hapa maswali tuliyochagua kuhusu mji huo wa wachimbaji wa opali, kito kinachocheza rangi.

Shikamoo mhariri. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha nne. Vile vilima ni vya asili au vya kutengenezwa? Na kwa nini vyote vina ncha?

Marahaba. Hakuna hata kimoja cha asili. Ni kifusi kilichotoka chini, na umbo lake linakuambia kimetolewa kwa mashine gani.

Zamani, kabla ya mashine, wachimbaji walishusha shimo kwa sururu na koleo, upana wa kumtosha mtu mmoja tu anayeinama. Walichonga vishikizo vya miguu kwenye kuta za shimo wakawa wanapanda na kushuka kwa kuegemea pande mbili. Udongo ulivutwa juu kwa ndoo na gurudumu la kamba linalozungushwa kwa mkono, ukamwagwa kuzunguka mdomo wa shimo. Kwa hiyo kifusi cha zamani ni pete iliyolala, haina ncha.

Siku hizi kazi huanza na tundu jembamba la majaribio, kipenyo chake kama sentimita 23, linalotobolewa na keekee iliyofungwa kwenye lori. Kinachotoka kwenye tundu hukaguliwa mita kwa mita. Likionyesha dalili nzuri, huletwa keekee kubwa ya kutoboa shimo la kipenyo cha karibu mita 1, lenye kuta zilizonyooka, linaloweza kwenda chini hadi mita 25 au 30. Mchimbaji hushuka humo akaanza kukata njia ya kulala.

Kinachojenga kilima chenye ncha ni mashine ya kufyonza. Injini ya dizeli iliyo juu ya lori huendesha feni kubwa inayovuta hewa kupitia bomba refu lililoteremshwa hadi mgodini. Mchimbaji husukuma mdomo wa bomba kwenye kifusi, nacho hupaa juu na kuingia kwenye pipa la chuma lililoning'inizwa juu ya lori. Pipa likijaa, mvuto hukatwa, mlango wa chini hufunguka na mzigo wote hudondoka mahali palepale. Mzigo juu ya mzigo, kwenye nukta moja, na udongo mkavu ukijiteremkia pande zote: hapo ndipo ncha inapotoka. Mashine hii ina faida ya pili ambayo mtu wa juu haioni, nayo ni kwamba inapovuta kifusi huvuta pia vumbi na hewa chafu, na hewa safi huingia kupitia mashimo mengine.

Matatizo yake ni ya kila siku. Bonge kubwa likiingia, hukwama kwenye kona ya bomba. Udongo wenye unyevu hugandamana ndani ya kuta za bomba mpaka mvuto unakufa. Kona za bomba huliwa na mchanga haraka kuliko sehemu zilizonyooka. Na tatizo kubwa kuliko yote: kinachofyonzwa hakichagui, kwa hiyo jiwe ambalo jicho halikuliona chini kwenye giza huenda juu pamoja na takataka. Tutalirudia jambo hili kwenye swali la kupekua kifusi.

Nani aliyeigundua opali pale, na kwa nini mtu alikuwa akizunguka jangwani kiasi hicho?

Tuanze na wenye nchi. Waantakirinja Matu-Yankunytjatjara wameishi katika ardhi ile na kujua visima vyake vya miambani kwa vizazi visivyohesabika, na mwaka 2011 mahakama ya shirikisho ya Australia ilitambua haki zao za asili juu ya eneo hilo. Mzungu wa kwanza kupita ukanda huo alikuwa John McDouall Stuart, mwaka 1858, na safu ya miinuko iliyoko hapo ikapewa jina lake.

Mwanzoni mwa mwaka 1915 kikundi kidogo cha watafuta dhahabu kiliingia na ngamia. Dhahabu hawakuipata, na maji yalikuwa yakiwaishia. Tarehe 1 Februari, kijana wa miaka 14 aitwaye Willie Hutchison, aliyekuwa amefuatana na baba yake Jim, aliondoka kambini kutafuta maji akakuta vipande vya opali vimetawanyika juu ya ardhi. Siku chache baadaye kitalu cha kwanza kiliwekewa vigingi.

Mji haukujaa ghafla. Reli ya kuvuka bara ilipokamilika mwaka 1917, baadhi ya vibarua wake walikwenda kujaribu bahati. Baada yao wakaja askari waliorudi kutoka Vita Kuu ya Kwanza. Watu hao walikuwa wameishi kwenye mahandaki ya Ufaransa, na kuchimba mahali pa kulala halikuwa wazo geni kwao. Jina la sasa la mji lilianza kutumika mwaka 1920. Kabla ya hapo uliitwa kwa jina la safu ya Stuart.

Miaka ya 1930 bei ya opali ilianguka na watu wengi wakaondoka. Kilichouamsha mji tena ni ugunduzi wa katikati ya miaka ya 1940 kwenye machimbo ya Eight Mile, uliofanywa na mwanamke mwenyeji, Tottie Bryant. Jina hili linastahili kukaa kando ya lile la Willie Hutchison, na kwa maoni yetu wanaosimulia historia ya mji huu hulipita haraka mno. Ni kwenye machimbo hayohayo ndipo mwaka 1956 lilipotoka jiwe lililoitwa Olympic Australis, karati 17,000, yaani karibu kilo tatu na nusu, likapewa jina hilo kwa sababu michezo ya Olimpiki ilikuwa ikifanyika Melbourne mwaka huo.

Miaka ya 1960 walimiminika wahamiaji kutoka Ulaya: Wagiriki, Waserbia, Wakroatia, Waitaliano na wengine. Wengi hawakuhitaji Kiingereza wala mtaji mkubwa kuanza kazi. Mtu alihitaji kibali, kitalu na mikono. Sheria ya jimbo iliweka vitalu vidogo (cha kawaida ni mita 50 kwa 50, na vipo vikubwa kiasi), jambo lililofanya uchimbaji ubaki mikononi mwa mtu mmoja mmoja au wabia wawili watatu.

Nauza vito lakini opali naijua kwa juujuu tu. Inatokeaje, na kwa nini jiwe moja linacheza rangi na lingine lililotoka hapohapo ni jeupe tupu?

Kiasi cha miaka milioni 110 hivi iliyopita, sehemu kubwa ya bara la ndani la Australia ilikuwa chini ya bahari ya kina kifupi. Tope lililotua kwenye sakafu ya bahari hiyo likawa mwamba laini wa udongo. Bahari ilipokauka na ardhi kuinuka, mwamba ule ulikaa juani na mvuani kwa mamilioni ya miaka ukaoza kwenda chini. Madini yaliyomo yaligeuka udongo mweupe wa mfinyanzi na kuachia silika, madini yaleyale ya mchanga na kioo, ambayo iliyeyuka kwenye maji na kuteremka nayo. Maji yalipokuta nyufa, mapengo kati ya tabaka, au nafasi iliyoachwa na gamba la konokono lililooza, yalituama. Yakapungua polepole, silika ikabaki kama uji mzito, ikaganda.

Hapo ndipo swali lako linapojibiwa. Silika ile hutua kwa umbo la vitufe vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Vitufe vikiwa na ukubwa mmoja na vikijipanga safu kwa safu bila kukosea, mwanga unaopita katikati yao hutawanyika na kuonyesha rangi. Vitufe vidogo, vya nanomita 150 hivi, hutoa zambarau na bluu peke yake. Vikubwa, vinavyokaribia nanomita 300, huweza kutoa mpaka nyekundu, na ndiyo maana jiwe lenye nyekundu huwa ghali zaidi: linahitaji utulivu wa muda mrefu kuliko mengine. Vitufe vikichanganyika vikubwa na vidogo, bila mpangilio, unapata jiwe lilelile kwa kemia lakini halichezi rangi. Wachimbaji huliita potchi. Potchi ndiyo sehemu kubwa ya opali yote inayotoka ardhini, ila haidharauliwi, kwa kuwa ni dalili kwamba silika ilipita njia hiyo.

Opali ina maji ndani yake, kwa kawaida asilimia 6 hadi 10 ya uzito wake. Jiwe likikauka haraka huweza kujaa nyufa nyembamba kama utando. Kwa mfanyabiashara, hii ina maana kwamba jiwe jipya linapaswa kuachwa mahali pa kivuli kwa muda kabla ya kukatwa, ili lile lenye kasoro lijionyeshe lenyewe, na kwamba mkatakataji asiliruhusu lipate moto kwenye gurudumu la kusugulia. Kwenye kipimo cha Mohs cha ugumu wa madini, kinachoanzia 1 hadi 10, ugumu wake ni kati ya 5.5 na 6.5, chini kidogo ya mchanga wa kawaida. Vumbi la nyumbani pekee lina chembe zinazoweza kulikwaruza, kwa hiyo pete ya opali huoshwa kwa maji vuguvugu na sabuni kwanza. Haifutwi ikiwa kavu.

Opali ya Coober Pedy kwa kawaida ina mwili mweupe au unaopitisha mwanga. Opali nyeusi maarufu hutoka Lightning Ridge, jimbo la New South Wales, zaidi ya kilomita 1,000 mashariki.

Chini kule, mchimbaji anajuaje yuko karibu na jiwe?

Kwa macho na kwa masikio. Opali hufuata sehemu ambapo tabaka mbili za mwamba zinakutana, kwa hiyo anapokata njia yake, ambayo huwa na urefu wa kumwezesha mtu kusimama, huhakikisha mstari huo uko ukutani usawa wa kifua, aweze kuutazama. Huangalia pia nyufa za wima zilizojaa jasi au potchi, kwa kuwa mahali ufa wa wima unapokata mstari wa kulala ndipo maji yalipotuama zaidi.

Mashine ya kukata njia ina kichwa kinachozunguka chenye meno ya chuma kigumu. Inakula mwamba kwa mngurumo mmoja usiobadilika. Ikigusa opali, sauti hugeuka: ni ule mlio wa kioo kinachopasuka. Mtu mwenye uzoefu huzima mashine papo hapo. Kuanzia hapo anatumia kisururu kidogo na bisibisi, akiondoa udongo laini pembeni mwa jiwe kwanza kabla ya kuligusa, taa ikiwa karibu. Haraka ya dakika mbili hapa huweza kugeuza jiwe la bei kubwa kuwa vipande vya bei ndogo, maana opali huvunjika kama kioo na haiunganiki.

Mimi ni fundi ujenzi. Nimesoma kwamba watu wanaishi ndani ya mwamba. Nyumba hizo zinachimbwaje, na kwa nini haziporomoki?

Swali hili tumelipenda, fundi, na tutalijibu kwa kina.

Kiasi cha nusu ya wakazi wa mji huo, ambao wote pamoja hawafiki 2,000, wanaishi chini ya ardhi. Sababu ni joto. Mchana wa kiangazi hupita nyuzi 40 mara kwa mara na kuna siku hupita 45, halafu usiku wa baridi hushuka hadi karibu na sifuri. Mwamba hupitisha joto polepole sana. Joto la mchana mmoja huishia ndani ya nusu mita ya kwanza. Lile la msimu mzima huenda mita kadhaa chini na kufika likiwa limedhoofika. Ukikaa ndani zaidi ya hapo, unabaki na wastani wa mwaka. Nyumba hizo hukaa kwenye nyuzi 23 hadi 25 mwaka mzima, bila kiyoyozi wala hita.

Nyumba haichimbwi kwenda chini kama kisima. Huchaguliwa ubavu wa kilima, uso wake ukakatwa wima uwe ukuta, kisha mashine ya kukata njia huingia kwa kulala. Mlango uko usawa wa ardhi, gari linaegeshwa nje, na juu ya dari kuna mita kadhaa za mwamba. Mashine hukata chumba kimoja ndani ya siku chache na kuacha mistari ya mviringo ukutani, ambayo wakazi wengi huiacha kama pambo kwa sababu mwamba wenyewe una michirizi ya waridi, krimu na kutu.

Kuhusu kuporomoka: mwamba ule ni laini kiasi cha kukatwa kwa sururu, lakini ukiwa mkavu hujibeba wenyewe bila matimba. Mambo ya kuzingatia ni manne, na fundi yeyote atayaelewa. Vyumba visiwe vipana kupita kiasi, na kona ya dari iwe na tao badala ya kukatwa mraba, ili uzito uteremke ukutani. Ukuta kati ya chumba na chumba uachwe mnene. Ukitaka chumba kikubwa, acha nguzo ya mwamba katikati. Nyufa za asili zichunguzwe kabla, maana kipande cha dari kilichozungukwa na nyufa pande zote hakina kinachokishika. La nne ndilo linaloharibu nyumba nyingi kuliko mengine: maji. Udongo wa mfinyanzi ukilowa huvimba, ukikauka husinyaa, na hapo mabamba huanza kubanduka. Ndiyo sababu jiko na bafu kwa kawaida huwekwa mbele, karibu na uso wa kilima, ambako mabomba ni mafupi, yanafikika, na bomba likivuja linaonekana mapema.

Hewa huingia mlangoni na kutoka kwa matundu ya wima yanayotobolewa hadi juu ya kilima. Mdomo wa tundu hujengewa kola na kofia ya bati, la sivyo mvua, vumbi na wadudu huteremka chumbani. Ukitembea juu ya mji utaona mabomba haya yakichomoza ardhini kila mahali, na ndiyo njia ya kujua kwamba umesimama juu ya sebule ya mtu. Kuta hupakwa gundi nyeupe iliyozimuliwa kwa maji, au varnishi, kwa sababu mwamba mtupu hutoa vumbi laini lisilokwisha. Kabati halinunuliwi, huchongwa shubaka ukutani. Familia ikiongezeka, chumba kipya hukatwa nyuma ya vile vya awali, na wapo waliokutana na opali wakipanua nyumba, ingawa kuchimba madini ndani ya mipaka ya mji hakuruhusiwi.

Hata makanisa yamechimbwa. La Katoliki, la Watakatifu Petro na Paulo, lilianza mwaka 1967. La Waorthodoksi wa Serbia lilikatwa kwa mashine za wachimbaji wenyewe mwaka 1993, na dari yake ya juu yenye tao ni somo zuri la mambo tuliyoeleza hapo juu.

Maji wanapata wapi?

Mvua ni kama milimita 150 tu kwa mwaka, na mwaka mwingine haifiki hapo. Mwanzoni maji yaliletwa kwa ngamia, baadaye kwa malori. Mwaka 1966 kulijengwa mtambo wa kuchuja maji ya chumvi kwa jua: mabeseni marefu yaliyofunikwa vioo, eneo lake likipita mita za mraba 3,000. Maji ya chumvi hupata moto chini ya kioo, mvuke hugonga kioo, hugeuka matone na kuteremka kwenye mfereji wa pembeni. Kanuni ni sahihi kabisa, ila mtambo wa aina hii hutoa lita chache tu kwa kila mita ya mraba kwa siku, na vioo vinachafuka na kupasuka.

Tangu miaka ya 1980 maji hutoka kwenye kisima kirefu kilichoko kama kilomita 24 nje ya mji. Yana chumvi. Hupigwa bomba hadi mjini na kusukumwa kwa nguvu kupitia utando unaopitisha maji na kuzuia chumvi. Gharama yake ni kubwa, kwa hiyo bustani za majani ni chache na hata uwanja wa gofu hauna nyasi: mchezaji hutembea na kipande chake cha zulia la kupigia mpira. Umeme nao tangu mwaka 2017 hutoka kwenye mchanganyiko wa mitambo ya upepo ya megawati 4, paneli za jua za megawati 1, betri, na jenereta za dizeli zinazoingia upepo ukitulia.

Kaka yangu yuko Adelaide na anataka kwenda huko mwezi wa saba. Anaweza kuokota opali mwenyewe bila kuvunja sheria?

Anaweza, na mwezi wa saba ni wakati mzuri kwa sababu ni majira ya baridi. Kutoka Adelaide ni kilomita 846 kwa barabara kuu ya Stuart, yote ya lami.

Kupekua kifusi, yaani kutafuta humo opali iliyotupwa pamoja na takataka, ni kazi inayotambulika huko, na ndani ya mji kuna eneo la wazi lililotengwa kwa wageni. Nje ya hapo, kilima chochote kilicho ndani ya vigingi ni mali ya mwenye kitalu, na bila ruhusa yake kupekua ni wizi. Kutafuta kwa kuchimba kunahitaji kibali cha jimbo.

Aende asubuhi au jioni, jua likiwa chini, kwa sababu mwanga wa kulala huamsha rangi ambayo jua la utosini huizima. Achukue reki ndogo, chekecheo, na chupa ya kunyunyizia maji. Asipande juu ya kilima. Afanye kazi ubavuni, akikwangua tabaka la nje, kwa sababu mvua huosha vumbi na kuacha vijiwe wazi. Kila kinachong'aa akiloweshe. Jasi hung'aa sana ikiwa kavu na huwapoteza wengi, lakini ni laini: ukucha huikwaruza. Opali haikwaruziki kwa ukucha, na rangi yake hubadilika ukiigeuza.

Wataalamu wa kupekua hutumia mkanda unaopitisha kifusi ndani ya kibanda chenye giza, chini ya taa ya urujuanimno. Opali na potchi hung'aa weupe, udongo hubaki mweusi, na mtu aliyeketi kando huokota. Kaka yako anaweza kubeba tochi ndogo ya aina hiyo akaijaribu usiku kwenye vipande alivyoleta chumbani. Asiende nayo machimboni gizani. Sababu iko kwenye jibu linalofuata.

Kwa nini mashimo hayo hayafukiwi? Si hatari kwa watu?

Ni hatari sana, na mabango ya mji huyasema wazi: usikimbie, usirudi kinyumenyume. Hilo la pili linawahusu wapiga picha, wanaorudi nyuma macho yakiwa kwenye kamera. Shimo la mita 1 kwa kipenyo halina ukingo wala kivuli. Ukiwa mbali hatua tano unaona ardhi tupu.

Sababu ya kutofukia ni ya kiufundi. Udongo uliorudishwa shimoni haurudi kuwa mwamba. Unabaki nguzo ya kifusi kilicholegea, urefu wa mita 20 au zaidi, isiyoonekana kutoka chini. Mchimbaji wa baadaye akikata njia yake na kuigonga ubavuni, nguzo nzima humwagika juu yake kwa mara moja. Shimo lililo wazi linaonekana na linakwepeka. Tunaona hoja hii ina uzito, lakini haiondoi haja ya kufunika midomo ya yale yaliyo karibu na njia za watu.

Ukiacha migodi, mandhari ya huko ikoje? Kuna kitu cha kwenda kutazama?

Kipo, tena kikubwa. Kilomita kama 30 kaskazini kuna hifadhi ya Kanku-Breakaways, ardhi takatifu kwa wenyeji. Ni vilima bapa vilivyojitenga na ukingo wa mwinuko. Juu kuna kofia ya mwamba mgumu wa silika. Chini yake ni udongo laini uleule tuliousema, mweupe, wa manjano na wa kutu. Kofia ikipasuka, mvua chache za huko hula udongo wa chini haraka, kilima hukonda, na siku moja hubaki chungu la mawe. Ukisimama kwenye kituo cha kutazamia saa ya machweo unaona hatua zote hizo kwa pamoja, kilima kizima, kilichobaki nusu, na kilichokwisha.

Kando yake ni tambarare inayoitwa Moon Plain, yenye vipande vya jasi vinavyometameta na visukuku vya viumbe wa ile bahari ya kale. Uzio wa mbwa wa porini unapita hapo, waya unaoenda zaidi ya kilomita 5,000 kuwazuia dingo wasifikie kondoo wa kusini. Njia ni ya vumbi, na mvua ikinyesha hufungwa kwa sababu udongo ule ukilowa hunasa tairi hadi ekseli. Mgeni abebe maji ya kutosha, na gari likiharibika abaki nalo: gari huonekana kutoka mbali kuliko mtu anayetembea.

Nimeuziwa opali mtandaoni kwa bei rahisi ajabu. Nitajuaje kama ni nzima?

Itazame kwa ubavu, kabla ya kuitazama usoni. Opali nzima ni jiwe moja, hata ikiwa na potchi nyuma, na mpaka kati ya rangi na potchi huyumba kwa asili. Ukiona mstari ulionyooka kama uliopigwa rula, na nyuma kuna kitu cheusi, hiyo ni ya tabaka mbili: kipande chembamba cha opali kimegandishwa juu ya mgongo mweusi ili rangi ikolee. Ukiona pia kuba safi inayopitisha mwanga juu, ni ya tabaka tatu, na kuba hiyo ni kioo au kwazi. Hazikatazwi, ila lazima ziuzwe kwa jina lake na kwa bei yake. Kama jiwe limefungwa kwenye pete iliyoziba nyuma na pembeni, mwombe muuzaji picha ya jiwe kabla halijafungwa. Na ikiwa yako ni ya gundi, usiiloweke wala kuosha vyombo ukiwa umeivaa. Maji yakipenya kati ya tabaka huacha doa la kijivu linaloanzia ukingoni kwenda katikati, na doa hilo halitoki.